UZI: Shaba na kobalti ya ukanda wetu ina wauzaji wengi, wanunuzi wa ndani wako wapi?

#1. Mleta mada

Wana jukwaa, salaam.

Nimeona niweke mada hii kwa kirefu kwa sababu mijadala yetu kuhusu madini ya kimkakati huanzia na kuishia kwenye swali la nani anatuibia, huku swali la namna bei inavyopatikana, na nani ana nguvu ya kuisogeza, likiachwa pembeni. Ninaposema ukanda wetu namaanisha eneo linaloanzia Kolwezi na Lubumbashi nchini Kongo, likashuka hadi Copperbelt ya Zambia, likafuata barabara na reli mpaka bandari ya Dar es Salaam, pamoja na nikeli ya Ngara. Kisiasa ni nchi tatu. Kiuchumi, mbale (mawe yenye madini), asidi, umeme na malori ya eneo hili vinategemeana kiasi kwamba mtu hawezi kuelezea mgodi mmoja bila kuvuka mpaka.

Mwaka 2024 Kongo ilichimba takriban tani milioni 3.3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile, na Zambia ikatoa kama tani 820,000. Dunia nzima ilichimba karibu tani milioni 23 mwaka huo, kwa hiyo majirani hawa wawili walitoa zaidi ya moja ya sita. Kwa upande wa kobalti, Kongo peke yake ilitoa kama robo tatu ya dunia, sehemu ambayo hata Saudi Arabia haijawahi kuikaribia katika mafuta. Pamoja na ukubwa huo wote, mwanzoni mwa 2025 bei ya kobalti ilikuwa imeanguka hadi kiwango ambacho soko halikuwa limekiona kwa miaka mingi.

Hoja yangu ni hii: ukanda wenye ugavi mkubwa, lakini ambao viwanda vyake vyenyewe vinanunua kidogo sana, hauwezi kuwa na nguvu ya kudumu juu ya bei. Zuio na mgao wa mauzo hununua muda. Muda huo unapaswa kutumika kujenga wanunuzi wa ndani, na wanunuzi wa kuanza nao ni watengenezaji wa nyaya, transfoma na mota, kabla ya betri za magari ambazo ndizo zinazotajwa kwenye kila mkutano.

Tuanze na kobalti, maana tabia yake ni ya pekee. Takriban kobalti yote duniani ni zao la pembeni la shaba au la nikeli. Katika migodi ya Kongo kama Tenke Fungurume, Kisanfu, Kamoto au Mutanda, mwenye mgodi anapopanga kiasi cha kuchimba huangalia kwanza bei ya shaba. Kobalti inatoka pamoja nayo kwenye mbale ileile, apende asipende. Matokeo yake, shaba ikipanda bei kobalti humiminika sokoni hata pasipokuwa na anayeihitaji, na bei ya kobalti yenyewe ikishuka ni wachache wanaopunguza kuchimba. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti iligusa dola 95,000 katika Soko la Metali la London. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba kampuni ya Glencore waliamua kuusimamisha mgodi wa Mutanda, ukarudi kazini 2021. Kisha kampuni ya CMOC ya China ikapanua Tenke Fungurume na kufungua Kisanfu, Indonesia nayo ikaanza kutoa kobalti kutoka kwenye nikeli yake, na maghala yakajaa.

Ndipo serikali ya Kongo iliposimamisha mauzo yote ya kobalti nje ya nchi tarehe 22 Februari 2025, kwanza kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, halafu kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka mgao: tani 18,125 kwa kipindi kilichobaki cha mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Ukilinganisha na zaidi ya tani 200,000 zilizochimbwa 2024, utaona kwamba zaidi ya nusu imefungiwa ndani. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka kwisha.

Mimi naiunga mkono hatua hiyo. Nchi inayotoa robo tatu ya kitu haina sababu ya kukiuza kwa hasara ili viwanda vya wengine vijaze akiba. Lakini tusiiimbie sifa kabla ya kukumbuka mwaka 1978. Mei ya mwaka huo waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi, wakati huo jimbo likiitwa Shaba, na hofu ya kukosekana kwa kobalti ikaipaisha bei mara kadhaa. Watengenezaji wa spika za redio walikuwa wakitumia sumaku za aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Baada ya mshtuko ule wakahamia sumaku za feraiti, zisizo na kobalti kabisa, na bei iliposhuka hawakurudi. Mnunuzi aliyekwisha kubadilisha mashine zake harudishwi na punguzo la bei.

Safari hii mbadala upo tayari dukani. Betri za fosfeti ya chuma, zinazojulikana kwa kifupi LFP, hazina kobalti wala nikeli, na mwaka 2024 zilikuwa zimefikia karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Kila mwezi ambao kobalti inabaki ghali, na kila mwezi ambao mnunuzi hana uhakika wa kuipata, unampa mhandisi wa magari sababu nyingine ya kuiondoa kwenye mchoro wake. Kwa hiyo mgao una muda wake wa kufanya kazi, na muda huo si mrefu.

Naendelea na shaba kwenye bandiko linalofuata.

#2. Mleta mada

Shaba haiwezi kutawaliwa kwa njia ileile, na hili tulikwisha kulijaribu. Juni 1967 wawakilishi wa Zambia, Kongo, Chile na Peru walikutana Lusaka na kuanzisha umoja wa nchi zinazouza shaba nje, CIPEC. Bei ilipoporomoka 1974 walikubaliana kupunguza mauzo kwa asilimia 10, na 1975 kwa asilimia 15. Bei haikuinuka. Nje ya umoja huo kulikuwa na wachimbaji wengi, shaba chakavu huyeyushwa na kurudi sokoni kila siku, na baadhi ya wanachama walihitaji fedha za kigeni kuliko walivyohitaji nidhamu. Zambia, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikopa kwa matumaini kwamba bei ingerudi. Ilipofika mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa kama tani 250,000. Miji mizima ya Copperbelt, ambako mgodi ndio uliokuwa ukiendesha hospitali, shule na hata viwanja vya mpira, ililipia matumaini hayo.

Kwa upande mwingine, mahitaji ya shaba yana mizizi mirefu kuliko ya kobalti. Gari la umeme hubeba kama kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli, na hiyo haibadiliki sana betri iwe ya aina gani. Gridi za umeme, vituo vya data na mota za viwandani zote zinaihitaji, na alumini inaweza kuchukua nafasi yake katika baadhi ya kazi tu. Ugavi nao ni mzito kusogea: tangu kugunduliwa kwa mwamba mpaka tani ya kwanza kutoka, mgodi mpya huchukua kwa wastani miaka 15 na zaidi. Ndiyo maana bei ilivunja rekodi Mei 2024 ilipopita dola 11,000 kwa tani, ikavunja tena mwishoni mwa 2025. Mei 2025, mitetemo ya ardhini iliposababisha mafuriko katika mgodi wa Kakula huko Kongo, wafanyabiashara wa London waligundua jinsi soko zima lilivyokuwa limeegemea migodi michache.

Kwa kifupi, kobalti ni yetu kwa wingi lakini dunia inaweza kuiacha. Shaba dunia haiwezi kuiacha lakini haiko mikononi mwetu peke yetu. Sera inayozichanganya hizi mbili katika neno moja la madini ya kimkakati itakosea kote.

#3. Mchangiaji, wakala wa forodha Tunduma

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uchambuzi. Naomba niongeze kile tunachokiona sisi tunaoshughulika na nyaraka hapa mpakani, kwa sababu wengi wanazungumzia bei za London bila kujua mzigo wenyewe unafananaje.

Shaba iliyosafishwa inakuja kama mabamba mapana ya karibu mita moja kila upande, yamepangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma katika mafungu ya tani mbili na kitu, kila fungu na namba yake. Semi-trela moja hubeba kama tani 30 na ukiiona kwa mbali utadhani haina mzigo, maana mafungu hayafiki hata nusu ya urefu wa kuta za trela. Kobalti ni tofauti. Inakuja kama unga wenye unyevu, hidroksidi, ndani ya mifuko mikubwa ya tani moja moja. Ndani ya unga huo ukiwa umekauka, kobalti ni kama theluthi moja tu. Maana yake gari linaposafiri kutoka Kolwezi, likapita Kasumbalesa, likavuka Zambia yote, likapanda Tunduma na kuteremka zaidi ya kilometa 900 mpaka Dar es Salaam, sehemu kubwa ya nauli inalipia maji na vitu vingine ambavyo mnunuzi atavitupa. Na mnunuzi halipi bei kamili ya kobalti iliyomo. Hulipa asilimia fulani ya bei ya metali, asilimia ambayo yeye ndiye mwenye nguvu zaidi ya kuijadili, kwa sababu viwanda vya kusafisha viko kwake. Robo tatu na zaidi ya kobalti ya dunia inasafishwa China.

Jambo la pili ni la upande wa kurudi. Watu wanafikiri malori yanarudi Kongo matupu. Mengi yanarudi na salfa, ule unga wa njano, kwa ajili ya kutengenezea asidi ya kuchenjulia mawe. Tani moja ya salfa ikichomwa inatoa takriban tani tatu za asidi, ndiyo maana inasafirishwa salfa. Salfa ikichelewa bandarini au mpakani, mgodi wa Kolwezi unapunguza kasi. Foleni ya hapa kwetu ni sehemu ya bei ya shaba ya dunia, na kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa 2019 kilisaidia, ila siku mfumo wa kompyuta wa upande mmoja ukigoma, madereva wanalala hapa hata kama upande wa pili uko tayari.

#4. Mleta mada

Ndugu yangu wa Tunduma, umenisaidia sana, kwa sababu biashara ya salfa na asidi ndiyo mfano bora wa soko la ndani ya ukanda ambalo tayari lipo na halizungumziwi.

Mawe ya shaba ni ya aina mbili kubwa. Yale ya juu, ambayo yamekwisha kuguswa na hewa na maji kwa karne nyingi, huchenjuliwa kwa kumwagiwa asidi. Ndiyo mengi ya Katanga, yaani eneo la Kolwezi na Lubumbashi. Yale ya chini yana salfa ndani yake, nayo husagwa na kukolezwa kuwa makinikia kisha kuyeyushwa katika tanuru, na moshi wake usipokamatwa unaua mimea na mapafu ya watu, kama wakazi wa karibu na matanuru ya zamani wanavyojua. Moshi huohuo ukikamatwa unakuwa asidi. Kwa hiyo tanuru la Zambia linapoyeyusha makinikia linazalisha bidhaa mbili: shaba, na asidi ambayo mgodi wa jirani Kongo unaihitaji. Tanuru jipya la Kamoa karibu na Kolwezi, lenye uwezo wa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, nalo litatoa mamia ya maelfu ya tani za asidi.

Kila tani ya asidi inayopatikana hapa ni sehemu ya tani ya salfa ambayo haikununuliwa ng'ambo kwa dola. Hapo kuna muuzaji wa ndani na mnunuzi wa ndani, na faida inabaki Kitwe, Kolwezi na Likasi. Serikali inapozuia asidi isivuke mpaka kwa sababu tanuru moja limesimama kwa matengenezo, jirani anarudi kununua salfa ya mbali, na imani iliyojengwa kwa miaka inapotea. Napendekeza Kongo na Zambia ziwe na mkataba wa asidi wenye viwango vya kila robo mwaka, ili mwenye tanuru ajue atakayemuuzia na mwenye mgodi ajue atakayemletea.

Kuhusu usafiri, reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa ili ibebe tani milioni mbili kwa mwaka na haijawahi kuzifikia. Mkataba wa Septemba 2025 unaoipa kampuni ya CCECC ya China haki ya kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, pamoja na reli ya Lobito upande wa Angola inayoungwa mkono na mikopo ya Marekani, ina maana kwamba mchimbaji wa Kolwezi atakuwa na njia mbili zinazogombea mzigo wake. Ni habari njema kwa nauli. Lakini reli zote mbili zinaelekea baharini. Hakuna hata moja inayoelekea kwenye kiwanda cha ndani, na hilo ndilo linalonikera.

#5. Mchangiaji, mhandisi wa umeme

Wakuu, naomba niongezee upande wa kitaalamu, kwa kuwa hoja ya nyaya ni nzuri lakini inahitaji kupimwa.

Njia kubwa za kusafirisha umeme, zile za minara, hutumia nyaya za alumini zenye kiini cha chuma. Hata nyaya nyingi za nguzo za mitaani ni alumini. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kila kilometa ya gridi inayojengwa Tanzania au Zambia inakula shaba yetu. Shaba inaingia ndani ya transfoma, ndani ya mota na jenereta, kwenye nyaya za nyumba, kwenye kebo za chini ya ardhi, na kwenye mfumo wa kutuliza umeme ardhini. Transfoma ya mtaani yenyewe inaweza kuzungushiwa shaba au alumini, kutegemea aliyeandika vigezo vya zabuni.

Hapo ndipo penye nafasi. Mkutano wa nishati wa Januari 2025 Dar es Salaam uliweka lengo la kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Kila nyumba mpya inayounganishwa inahitaji waya wa kuingilia na waya wa ndani, na nyuma yake kuna transfoma. Mashirika ya umeme ya ukanda huu yakikubaliana vigezo vya aina moja vya transfoma na kebo, kiwanda kimoja kinaweza kuuza katika nchi zote. Leo kila shirika lina vigezo vyake, zabuni zake ndogondogo, na mzalishaji wa mbali mwenye kiwanda kikubwa anashinda kila mara kwa bei.

#6. Mleta mada

Ndugu mhandisi, hilo la vigezo vya zabuni lingepaswa kuandikwa kwa wino mwekundu katika kila wizara ya nishati. Viwanda havianzi kwa hotuba, vinaanza kwa oda inayojulikana mapema.

Tena mfano tunao. Kiwanda cha ZAMEFA pale Luanshya kimekuwa kikitengeneza fito za shaba na kebo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kikipata malighafi kutoka kwenye migodi ya jirani. Kimepita kwenye kutaifishwa kwa migodi, kubinafsishwa kwake, na kuporomoka kwa uzalishaji, na bado kinafanya kazi. Kinachokosekana ni soko linalovuka mipaka lenye ukubwa wa kukifanya kipanuke na kupata washindani. Kugeuza bamba la shaba kuwa fito na fito kuwa waya ni teknolojia inayoeleweka, haihitaji siri za kemia, na mnunuzi wake yuko hapahapa.

Jambo hilohilo lipo kwenye zinki, ambayo haisemwi kabisa. Mabati tunayoezekea nyumba kuanzia Mbeya mpaka Lubumbashi yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Kabwe ilikuwa ikitoa zinki mpaka mgodi ulipofungwa 1994. Mgodi wa Kipushi, nje kidogo ya Lubumbashi, ulifufuliwa 2024 na ni miongoni mwa migodi ya zinki yenye mawe tajiri kabisa duniani. Makinikia yake yanakwenda kuyeyushwa mbali, kisha zinki inarudi kwetu ikiwa imekwisha kupakwa kwenye bati. Hapa nadhani hata tanuru dogo la ukanda lingestahili kufanyiwa hesabu kwa uzito.

#7. Mchangiaji

Mkuu, kwa nini tuzunguke? Indonesia ilipiga marufuku kuuza nikeli ghafi, viwanda vikaja vyenyewe. Nasi Tanzania 2017 tulizuia makinikia. Kongo na Zambia zifanye hivyohivyo kwa kila kitu, dunia itanyooka.

#8. Mleta mada

Swali lako ni la haki na linastahili jibu refu.

Indonesia ilizuia mwaka 2014, ikalegeza 2017, ikazuia tena kikamilifu Januari 2020. Iliweza kwa sababu tatu zilizokutana. Ilikuwa na akiba kubwa ya nikeli ambayo viwanda vya chuma cha pua vya China vilikuwa vikiitegemea moja kwa moja. Ilikuwa na makaa ya mawe, kwa hiyo umeme wa kuyeyushia ulijengwa haraka palepale Morowali, ingawa kwa gharama kubwa ya hewa na bahari. Na ilikuwa na kampuni, hasa Tsingshan, zilizokuwa tayari kuleta mitaji na mitambo. Leo inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Lakini tazama kilichofuata: wingi huo uliiangusha bei, kampuni ya madini ya BHP wakasimamisha migodi na mitambo yao ya nikeli Australia Oktoba 2024, na wachimbaji wa kila mahali, sisi tukiwemo, wakaanza kuhesabu upya.

Makinikia yetu yalikuwa na hali tofauti. Yalikuwa mchanganyiko wa dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, kwa kiasi ambacho tanuru lolote lisingeweza kujiendesha kwacho. Zuio la Machi 2017 lilitupatia mazungumzo, na mazungumzo yalitupatia kampuni ya Twiga na hisa za asilimia 16 za serikali. Hayo ni mafanikio na nayaheshimu. Tanuru halikupatikana, na shehena zilizozuiwa ziliruhusiwa kuuzwa nje 2020. Zuio lina nguvu ya kumleta mtu mezani. Haliwezi kuleta umeme usiokuwepo wala tani zisizokuwepo.

Umeme ndio kiini. Zambia hutegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kuzalisha, na ukame wa 2024 ulipopunguza sana maji ya ziwa Kariba, nyumba zilikaa gizani sehemu kubwa ya siku huku migodi ikinunua umeme kutoka nje kwa bei ya juu. Kongo ina Inga, lakini mabwawa mawili yaliyopo yana uwezo wa megawati 1,775 tu kwenye karatasi, na migodi ya Katanga huagiza umeme kutoka kusini au kuchoma dizeli. Tanzania sasa ina bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Njia ya kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia ikikamilika, umeme wa Rufiji utaweza kuyeyusha shaba ya Kitwe. Kwangu mimi huo ni mradi wa madini kuliko mgodi wowote mpya.

Nikeli ya Kabanga pale Ngara itupe tahadhari. Mwamba wake una kiwango kizuri cha nikeli, na mpango ni kuisafisha Kahama. BHP waliingia 2021, bei ikaanguka, wakatoka 2025, na kampuni ya Lifezone wakabaki kutafuta mtaji. Mwamba haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa Jakarta.

#9. Mchangiaji, Kolwezi

Ndugu zangu, nasoma kutoka Kolwezi na naona kila mtu anazungumzia kampuni. Nani atawazungumzia wachimbaji wadogo? Mauzo yaliposimamishwa Februari 2025, kampuni kubwa ziliendelea kuuza shaba na kuweka kobalti ghalani. Mchimbaji wa mkono hana ghala. Anapeleka mfuko wake depo, kituo cha wanunuzi wa mawe, jioni, mnunuzi anaelekeza kifaa cha mkononi kwenye jiwe, anasoma asilimia, anataja bei. Kifaa ni cha mnunuzi, mizani ni ya mnunuzi. Bei ya dunia ilipopanda, pale depo wengine waliambiwa hakuna kibali cha kusafirisha, kwa hiyo jiwe halina soko. Serikali iliunda shirika la EGC tangu 2019 linunue kobalti ya wachimbaji wadogo peke yake, lakini mchimbaji anataka fedha leo, watoto wanasubiri chakula leo.

#10. Mleta mada

Ndugu yetu wa Kolwezi, ahsante sana kwa kusema hili waziwazi. Umeonyesha mahali ambapo mgao, pamoja na wema wake kwa hazina ya taifa, unamwangukia asiye na uwezo wa kungoja.

Katika zile tani 96,600 za kila mwaka, tani 87,000 ni mgao wa msingi wa makampuni, na tani 9,600 zimewekwa mikononi mwa mamlaka inayosimamia soko, ARECOMS, kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Ningependa kuona sehemu inayoeleweka ya tani hizo 9,600 ikitengwa wazi kwa ajili ya mawe ya wachimbaji wadogo yanayopita EGC, ili mnunuzi wa depo asiwe na kisingizio cha kibali. Pamoja na hilo, kila depo iwe na maabara ndogo ya umma yenye mizani iliyokaguliwa na kifaa cha kupimia ambacho si mali ya mnunuzi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mrabaha wa asilimia 10 ambao kobalti inalipa tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018.

Na EGC ipewe fedha za kulipa siku hiyohiyo. Shirika lenye haki ya pekee ya kununua, lakini lisilo na fedha mkononi jioni mifuko inapofika, linamrudisha mchimbaji kwa mnunuzi yuleyule lililoundwa kumwondoa.